Kanga Iliyorudi Imepigwa Pasi

Nilipaswa kukataa. Binti aliyekodi ukumbi hapa Lipangalala alikaa barazani kwangu akanieleza sanaa yake: chumba cha giza, vitu vya nyumbani vimening'inizwa kwa kamba, watu wanaingia, wanapapasa, wananusa, kisha wanasema wamekumbuka nini au wamemwona nani. Akaniomba kitu kimoja. Nikaingia ndani, nikafungua sanduku la bati la mwanangu, nikatoa kanga ya marehemu mama yake. Haikuwa imefuliwa tangu msiba, mwaka juzi. Mwanangu kila akitoka safari huinusa kwanza, kabla hata ya kula. Wiki hiyo alikuwa Mkula akinunua mpunga. Sikumpigia simu. Nilitaka sifa, basi.

Siku ya kwanza nilikwenda ukumbini mara tatu. Mara ya tatu nilimsikia mwanamke gizani, kanga ikiwa usoni kwake.

"Huyu alipikia kuni. Na mafuta ya nazi alijipaka bila huruma! Mama mkali huyu."

"Mkali hasa," nikasema. Watu wakacheka, nami nikacheka, huku mikono ikiniwasha kuichukua. Nikatoka, nikazunguka jengo, nikarudi mlangoni, nikaondoka. Niliona haya kuwaharibia watu shughuli yao. Siku zilizofuata nilifanya vivyo hivyo.

Jumamosi binti aliileta, ameishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo babu. Tumeifua, tukaipiga pasi. Ilishikwa na wengi, nisingeweza kukurudishia kitu kichafu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Ningemlaumu kwa lipi? Marehemu mke wangu mwenyewe hakuwahi kurudisha sufuria ya jirani bila kuisugua kwa majivu. Mimi ndiye sikumwambia isifuliwe.

Jioni mwanangu alifika. Akaiona mezani, akainusa. Akaigeuza, akanusa pindo.

"Baba, nani kaifua?"

Nikamweleza yote.

"Si ungenipigia tu, baba?"

Hakupandisha sauti. Aliikunja, akaiweka kabatini pamoja na nguo nyingine. Ananiamkia, ananipikia, ila habari za mama yake haziongei tena mbele yangu. Nami nikifumba macho kuitafuta ile harufu, napata sabuni. Ilikuwa harufu ya mwisho ya mama yake hapa duniani, na mimi baba yake ndiye niliyempotezea.