Wachache Waliojaa Kila Mji

Kilichoninyima usingizi wiki ile ni idadi ya Wakristo wa mwanzo. Wenzangu niliomaliza nao chuo hukoseshwa usingizi na posa. Mimi, binti wa Kiislamu wa Ibra, Omani, nilijigeuza kitandani nikijiuliza kama nikisema "hatujui" mbele ya walimu wa chuo kimoja cha Nizwa, watanipa kazi ya kufundisha historia au watanirudisha kwa mama.

Mada ya somo la majaribio niliichagua mwenyewe, kwa hiyo hata wa kumlaumu sikuwa naye. Nilitaka kueleza jinsi vikundi vidogo, vilivyokutana kula na kusali majumbani mwa watu, vilivyokuja kuigeuza dola nzima ya Kirumi.

Siku moja kabla ya safari, familia ikakaa kunisikiliza. Mjini kwetu wasemao Kiswahili, wenye asili ya Unguja, wanaenea kwenye zulia moja, lakini ukimsikiliza ami, kaka wa baba, utadhani Unguja ndiyo iliyoifundisha Omani kula na kuvaa.

"Walikuwa wangapi?" akauliza ami, hata sijafika mbali.

"Hatujui, ami. Wachache. Wenyewe waliandika kwamba wamejaa kila mji, lakini..."

"Si wameandika, basi! Sema maelfu kwa maelfu. Msomi hasemi hajui."

"Wakristo tena?" bibi akadakia. "Watu wa Nizwa wana ngome, wana tende, wana soko la mbuzi. Vyote hivyo hukuviona, mwanangu?"

Nikaendelea. Nilikuwa nafika kwenye barua walizoandikiana wenyewe kwa wenyewe, na jinsi walivyowauguza wagonjwa, mara nikaona moshi. Bibi ameleta chetezo. Kwetu udi ukishapitishwa, mazungumzo yamekwisha: mtu hujifukiza, akatafuta viatu vyake. Ami akajifukiza ndevu, akaniombea dua, akainuka. Dola ya Kirumi ikabaki haijaguswa.

Kwa kumheshimu, nikaandika "maelfu kwa maelfu" kwenye karatasi yangu. Wino haujakauka, nikamsikia barazani akimpigia simu shemeji yake wa Sur.

"Wallahi ukoo mzima ulikuja kumsikiliza! Nyumba ilifurika, watu wamesimama mpaka nje!"

Tulikuwa watano, na paka.

Hapo nikawatambua wale waandishi wangu wa kale. Ninaye mmoja nyumbani. Akitokea mtu akaihifadhi simu ile, karne zijazo zitaapa kwamba Ibra yote ilifunga maduka kwa ajili yangu. Tofauti ni kwamba wale, wachache kama walivyokuwa, waliuguza majirani. Ami hupiga simu.

Nikayafuta maelfu yake yote. Asubuhi nikashika njia ya Bidbid, nikakata kushoto kwenda Nizwa.

"Walikuwa wangapi?" akauliza mkuu wa idara, kwa sauti ileile ya ami.

"Hatujui," nikasema. Kisha nikaeleza kwa nini, neno kwa neno mpaka mwisho, maana hapakuwa na mtu wa kuleta chetezo.