Homa Tuliyokisingizia Kidonda

Binti yangu alizaliwa na selimundu, ugonjwa ambao sisi Wakongomani tunauita SS. Maumivu yake nilikuwa nimeyazoea: mifupa ikimuuma ninamnywesha maji mengi, ninamkanda kwa kitambaa cha moto, anatulia. Kikohozi kilichomshika safari hii kilikuwa kitu kingine.

Nilikuwa nimekwenda sokoni Base Camp kuuza maharage. Niliporudi jioni kwetu Juru, sehemu nyingine ya kambi yetu ya wakimbizi hapa Uganda, nikakuta damu kwenye gauni lake. Mama mkwe, ambaye binti yangu humwita Koko, alikuwa amemwita bibi anayekata kilimi, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Kwetu Kivu ya Kusini mtoto akikohoa sana, wazee husema kilimi kimerefuka, kinamkaba, kikatwe. Nilikasirika. Nikamwuliza mama mkwe kwa nini hakuningoja. Akasema alilea watoto kabla mimi sijaota meno.

Basi, tangu hapo kila kitu kikawa kidonda. Homa ikipanda, ni kidonda. Akikataa uji, ni kidonda. Akishika kichwa na kulia, eti kidonda kinavuta, kikipona homa itakwisha. Wamama wa kanisa walikuja kuomba, nao wakasema hivyo hivyo. Nilipotaka kwenda kliniki mume wangu akanizuia: waganga wa pale wakiona koo limekatwa watatuita washenzi, labda na polisi wataletwa. Aibu gani hiyo, jamani? Mtoto anawaka kama jiko, watu wazima wanaficha nyuso zao.

Asubuhi moja nilitaka kumvalisha, shingo ikakataa kuinama. Sikuomba ruhusa ya mtu tena. Nilimfunga mgongoni, nikapanda bodaboda hadi kliniki, na kutoka pale ambulansi ikatukimbiza Mbarara, mtoto akirusha miguu, macho yamegeuka juu. Njia nzima nilimwambia Mungu asithubutu.

Daktari alikuwa Mganda, mpole. Aliniambia kidudu kinacholeta nimonia kimepita kwenye damu mpaka kwenye utando wa ubongo. Watoto wa SS, alisema, wengu wao umechoka, hauwezi kuwalinda, ndiyo maana wanahitaji chanjo na dawa ya kila siku. Akauliza kuhusu chanjo. Mtoto huyu nilimzaa porini tukikimbia risasi, nani angemchanja? Nikamwuliza kama ni kile kisu kilichomfanya hivi.

"Hapana, mama. Kisu si ndiyo ilileta hii ugonjwa," akasema. "Ni kuchelewa."

Mama mkwe akatufuata kwa basi, amebeba uji kwenye chupa ya chai. Sikumsalimia. Alikaa chini kwenye sakafu ya wodi, nami nikamwacha akae hapo, maana moyo wangu ulikuwa umejaa sumu. Tuliwekwa pale, sindano juu ya sindano, mpaka homa ikashuka na mtoto akafungua macho. Nililia kwa sauti, wagonjwa wengine wakageuka, yeye hakugeuka.

Mama mkwe akasogea, akapiga magoti kando ya kitanda. Mwanamke yule sikuwahi kumsikia akimwomba mtu msamaha, hata mume wake. Sasa alimwomba mjukuu, machozi yakimwagika, kwamba amekosa, kwamba alitaka kumsaidia tu, kwamba amhurumie.

Mtoto akamtazama midomo kwa muda mrefu. Kisha akapaza sauti kubwa, wodi nzima ikasikia:

"Koko, juu ya nini unafungua kinywa na hausemi?"