Matundu Nyuma ya Kabati

Julai ile kifua cha mama yangu kilianza kupiga filimbi. Mwanzoni ilikuwa filimbi ndogo, ya birika linalokaribia kuchemka, nami niliizoea vile mtu anavyozoea redio ya jirani. Dada yangu hakuizoea. Alikuja Jumapili moja kutoka mtaa wa Fedha, anakokaa ghorofa ya nne penye madirisha makubwa kuliko ya kanisa letu, akaketi dakika tano kwenye kochi la nyumba yetu ya Shauri Moyo, akapiga chafya mara tatu.

"Bro, hii nyumba haina hewa," akasema. "Mama anaishi ndani ya sanduku. Nakupa wiki mbili. Nikipata bado anakohoa hivi, nambeba."

Mama alikuwa ameshika kikombe cha chai. "Fedha nitaongea na nani?" akauliza. "Na lifti?"

Amekaa katika vyumba hivi viwili tangu alipoletwa kutoka Magharibi mwa nchi kama bibi harusi wa mfanyakazi wa reli, yaani marehemu baba. Anamjua kila mwanamke wa safu yetu ya nyumba, na anajua amepika nini. Mimi ndiye kitindamimba wake. Nina miaka arobaini na sita, sijaoa, na sitaki kudanganya: niliogopa. Bila yeye zingebaki kuta na mimi. Nikaapa kwamba hewa itapatikana, hata kwa vita.

Na vita vikawa na mama mwenyewe.

Daktari wa kliniki alikuwa ametuambia wazi: dawa ya kuvuta atumie, lakini moshi utoke, vumbi litoke, madirisha yafunguliwe. Mama aliitikia kila neno, "Ndiyo, daktari," kwa adabu kubwa ya mtu asiye na nia. Asubuhi nilifungua dirisha la sebuleni kabla ya kwenda kazini. Jioni nikalikuta limefungwa, na pazia limebanwa kwa vibanio vya nguo.

"Unataka baridi iniue?" akanifokea. "Nimonia inapitia wapi, kama si dirisha?"

Alikuwa amevaa sweta mbili, leso mabegani na soksi za baba.

Jiko la makaa nalo lilikuwa na ratiba yake. Aliliwasha nje, makaa yakishika analiingiza ndani "lipashe nyumba", kisha anafunga mlango ili joto lisitoroke. Hilo lilinitisha kweli, nikalitoa nikamwekea gesi. Aliyaonja maharagwe ya gesi, akaweka kijiko chini taratibu. "Yameiva," akasema, "lakini hayajakubali."

Habari zikafika kanisani, na akina mama wa ushirika wakaja kuniokoa. Mmoja aliagiza kitunguu kikatwe, kiwekwe kwenye sahani chini ya kitanda. Mwingine alitaka majani ya mkalitusi yachemshwe sebuleni. Wa tatu alileta kopo la kupuliza nyumba inukie maua, akapuliza yeye mwenyewe, kwa moyo wote, kona zote. Mama alikohoa mpaka jirani akagonga ukuta. Tulitoka nje sote, tukasimama kwenye kamba za nguo tukinukia harusi, na ndani kitunguu kikiendelea na kazi yake peke yake.

Nilikasirika, na mimi nikikasirika husafisha. Nikatoa kapeti nje, nikaipiga kwa mti wa ufagio hadi safu nzima ikafunga madirisha. Ndipo nikafikia vitambaa. Wanaoijua sebule ya mama wa mitaa hii ya Eastlands wanajua nasema nini. Vilikuwa ishirini na kimoja, vyote amevifuma kwa mkono wake: vya mikono ya kochi, vya migongo, cha televisheni, cha redio iliyokufa, na kimoja kilichofunika kitambaa kingine ili kisichafuke. Nilivifua vyote siku moja. Mama aliketi kwenye kochi lililo uchi akaniambia kwamba sasa, akija mgeni, yeye hatafungua mlango.

Filimbi ilipungua, lakini haikuisha. Jumamosi ya mwisho, siku moja kabla ya dada kurudi, niliamua kusogeza kabati la nguo la chumba cha mama. Kabati hilo sijawahi kuliona likisogea tangu nizaliwe. Nilisukuma kwa bega, likalia, likatoka, na nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi kwa ukungu kuanzia sakafuni hadi juu. Na kule juu, karibu na dari, nikaona umbo la matofali ya matundu, yale ya kupitisha hewa, yamezibwa na kupakwa rangi juu yake.

Nilipanda stuli na bisibisi. Rangi ikabanduka, likatoka gazeti lililokuwa gumu kama mkate wa juzi.

"Acha hapo!" Mama alikuwa mlangoni. Sauti hiyo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa mtoto. "Shuka! Usiguse hapo!"

Lakini mkono wangu ulikuwa umeshavuta. Nyuma ya gazeti kikafuata kitambaa, kikaja kirefu na vumbi lake lote: blanketi ya mtoto, yenye mistari ya manjano. Nikabaki nimeishika.

Mama aliketi kitandani. "Ni yako," akasema. "Ulikuwa na miezi minne. Ulilazwa na kifua, tukaambiwa tukuombee tu kwa Mungu. Tulipokuleta nyumbani baba yako alipanda stuli, akaziba hapo na kila kilichokuwa karibu, akasukuma kabati. Na hukukohoa tena."

Wiki zote hizo nilidhani anapigana na mimi, kumbe alikuwa analinda kifua changu.

"Mama," nikasema, "nilipona."

"Nani amesema?"

"Mimi. Niangalie." Kuna kitambi, kuna upara, si vitu vya kujivunia, lakini ni ushahidi.

Hakuridhika. Alinishusha kwenye stuli, akanigeuza, akaweka sikio mgongoni mwangu. "Kohoa." Nikakohoa. "Tena. Vuta pumzi." Nikavuta, na machozi yakanitoka, nashukuru alikuwa nyuma. Alisikiliza muda mrefu kuliko daktari yeyote.

"Haya," akasema. "Toa yote."

Niliyazibua matundu yote, nikasugua ukungu, na kitanda chake nikakihamishia ukuta mwingine. Alilala bila mto wa pili, ule wa kumsaidia kupumua. Asubuhi nilisimama mlangoni kwake nikisikiliza, na sikusikia kitu.

Dada alifika baada ya ibada akiwa na begi tupu la nguo za mama. Mama akamkaribisha, akammiminia chai, akaongea nusu saa nzima juu ya watu wa kanisani bila kukohoa. Dada alimtazama, akanitazama, akajikunyata.

"Mbona kuna baridi hivi?"

"Hiyo ni hewa," mama akasema. "Vaa sweta."

Akavua moja ya zake akampa. Kisha akavua ya pili, akanirushia mimi.

"Na wewe pia. Usijidanganye."