Binti Yangu na Mlango wa Wadi

Binti yetu wa pili alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, tukiishi karibu na Ikonge, huko Kisii. Alikuwa akinyonya kidogo tu anahema, jasho linamtoka kwenye paji la uso. Daktari alimsikiliza kifua, akaniambia, "Moyo wake una tundu. Usimwache alie sana."

Maneno hayo niliyashika kupita kiasi. Nikitaka kwenda kuchuma chai, nilisubiri alale mgongoni kwa mama mkwe, kisha nikanyata kupitia migombani. Akiamka, nimeshafika shambani. Niliona ninamkinga.

Alipokuwa na miaka miwili alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa hospitali ya Kisii mjini. Wazazi tuliruhusiwa kuingia alasiri tu. Siku mbili za kwanza nilifanya nilivyozoea: nilimbembeleza akasinzia, nikatoka. Siku ya tatu nilipofika aligeukia ukutani. Hakulia wala hakunitazama. Nilimpa ndizi mbivu, akaishika tu bila kuila.

Muuguzi mmoja mtu mzima, aliyekuwa akitandika kitanda cha jirani, akaniuliza kwa Ekegusii, lugha yetu, "Wewe huwa unamuaga?"

"Nikimuaga atalia, na moyo wake…"

"Kulia kidogo hakutamuua, mwanangu. Sasa anaogopa hata kulala, maana akilala unapotea. Mwambie unaenda. Mimi nitambeba."

Nikamwambia mtoto, "Mama anaenda nyumbani. Kesho baada ya chakula cha mchana nitakuja." Akapiga kelele wadi nzima ikageuka. Nilifika langoni, nikaketi kwenye nyasi hadi niliposikia amenyamaza.

Kesho yake nilirudi, akanigeuzia mgongo. Keshokutwa yake vilevile. Siku iliyofuata nilimkuta amesimama kitandani, ameshika vyuma, macho mlangoni. Nilipomwinamia alinizaba kofi la shavu, halafu akanikumbatia shingo, hakutaka kuniachilia. Nililia mimi.

Tuliporudi nyumbani nilimuaga hata nikienda mtoni. Mama mkwe alicheka. "Mtoto mdogo hivi anaombwa ruhusa?" Lakini baada ya wiki chache nilimsikia naye akimuaga.

Lile tundu liliziba lenyewe, polepole. Daktari alituambia hivyo binti akiwa darasa la kwanza. Siku hiyo tuliposhuka kwenye basi, baba yake alichuchumaa ili ambebe kupanda mlima. Akakataa, akatutangulia, viatu mkononi.