Maneno Ambayo Hayakuwa Ukutani

Saa tisa alasiri, jua bado kali nje, lakini sebule hii inageuzwa usiku. Mama Giza anavuta pazia, anatundika shuka kwenye dirisha la jikoni, anaziba mwanga wa chini ya mlango kwa taulo. Anautazama ukuta mweupe, kisha anapiga mluzi mdogo. Ameridhika.

Jina hilo alipewa na wateja. Kazi yake ni kufunga projekta majumbani, na kitu cha kwanza anachodai akifika ni giza, hata kabla ya maji ya kunywa.

"Watu wananunua projekta kama tikitimaji, wanatafuta kubwa," anasema, akinyoosha futi kutoka ukutani hadi kwenye kochi. "Kumbe chumba ndicho kinachochagua. Chumba kifupi kina mashine yake, chenye madirisha mengi kina yake."

Alijifunzia kwenye vibanda vya kuonyesha video, akibadilisha taa zilizoungua. Mwezi mzuri anapata nyumba tatu. Mwezi mbaya anatengeneza pasi za majirani.

Ana kanuni moja. Hatoboi dari ili kutundika mashine mpaka kila mtu wa nyumba akae pale anapokaa siku zote na kusoma maneno anayoyarusha ukutani, makubwa hadi madogo. Aliwahi kufunga mashine, kazi ikasifiwa, kumbe bibi wa nyumba ile, kwenye kona yake, alikuwa anaona mng'ao mtupu na anaona haya kusema.

Kanuni hiyo ndiyo iliyomkatiza kazi katika sebule hii hii, miezi mitano iliyopita.

Mwenye nyumba alikuwa dereva wa basi la shule. Mkewe anashona sare. Dereva alikuwa amerudisha projekta ya kwanza dukani akisema ina ukungu. Ya pili nayo akaiita hafifu.

"Huyu anataka nimletee jua lenyewe sebuleni," mkewe alimwambia fundi siku ile. "Mimi naona vizuri, yeye anagomba na mashine."

"Wewe huna jicho la picha, mama watoto," dereva alijibu, na wote wakacheka.

Mke akasoma kwanza, mistari yote. Binti yao wa miaka tisa akasoma hata ule mdogo kabisa. Mama Giza akasogeza mashine kidogo, na kwa kuwa alitaka herufi nyembamba zaidi, akabadilisha maneno. Ukutani sasa paliandikwa: *Mlango wa nyuma uko wazi.*

Ikafika zamu ya baba. Akaegemea kochi, akasoma kwa sauti ya kujiamini: "Chai iko mezani."

Binti akacheka. "Baba, unatania."

"Sitanii. Si ndiyo hiyo hapo?"

"Hapo ndipo nilipoelewa," anasema Mama Giza. "Chai iko mezani ni maneno waliyosoma wenzake. Alikuwa ameyakariri kwa masikio. Hayakuwa ukutani tena."

Mke akaweka chini kitambaa alichokuwa anapinda.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilizopita. Ni kaukungu tu."

"Kwa hiyo ile nguzo ya geti la shule uliyoigonga, ukasema ni breki?"

Dereva akageuza uso kuelekea msumari wenye funguo za basi.

"Na basi unaliendeshaje?"

"Barabara naijua."

"Watoto wanaovuka, nao unawajua?"

"Wanavaa sweta nyekundu," akasema polepole. "Nyekundu naiona."

"Siku ya joto wakivua?"

Hapo binti, ambaye hupanda basi hilo kila asubuhi, akasema, "Mimi nakaa kiti cha mbele, baba." Hakusema kwa kulaumu. Alikuwa anaeleza tu.

Mama Giza aliketi kwenye kidato cha ngazi, drili mapajani. Dereva akamgeukia: "Fundi, wewe funga tu chombo. Mengine ya nyumbani."

"Shemeji, sitoboi," alimjibu. "Nikitoboa leo, nitakuwa nimekubali kwamba unaona."

Mke akainuka, akachukua funguo za basi kwenye msumari, akazitia kwenye sidiria. Ndani ya nusu saa alikuwa kwa mwalimu mkuu.

Hospitali walisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba yanatibika. Dereva alilia. "Nilijua nikisema naona ukungu, kesho yake mtu mwingine ameshika usukani wangu," anasema. "Sikuuliza hata kama kuna dawa." Jicho moja limeshapasuliwa. Sasa anafungua geti la shule, lile lile lenye nguzo iliyochubuka.

Leo Mama Giza amerudi kumalizia. Amebadilisha utaratibu: kila mtu anasoma peke yake, wengine wakiwa nje. Anataka iwe hivyo katika kila nyumba atakayoingia. "Macho yana aibu," anasema.

Mke na binti, ambao wameshasoma, wanatoka kwenda uani. Dereva anakaa. Anasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne anakunja uso, anasogea mbele, anarudi nyuma.

"Huu siuoni, fundi."

"Una hakika?"

"Siuoni. Tusubiri hilo jicho la pili, kisha nitauomba usukani wangu."

"Hilo ndilo nililotaka kusikia," anasema Mama Giza, kisha anapanda ngazi, anatia alama ya penseli darini, na kwa mara ya kwanza katika nyumba hii anawasha drili.