Kitambaa Kwenye Ekzosi

Kila asubuhi jirani yangu hapa Kaloleni, karibu na ziwa, huwasha gari lake kuukuu, na moshi wa bluu unaingia jikoni hadi chai inapata ladha ya oili. Naichukia harufu hiyo. Inanata kooni kama mafuta yaliyokaangiwa dagaa wa omena juzi.

Baba alikuwa na gari kama hilo, alilolinunua licha ya mama kukataa. Jumamosi moja aliliwasha likiwa baridi, mama akasema kutoka mlangoni, "Hii gari inakula oili. Angalia moshi."

"Ni umande ya ziwa tu," baba akajibu. "Kama ni maji, kitambaa itakauka bila alama."

Akachomoa kwenye kamba ya nguo kitambaa cheupe cha mama cha kanisani, akakibana kwenye mdomo wa ekzosi, bomba la kutolea moshi. Kilitoka na doa jeusi, lenye utelezi, linalonuka.

"Vumbi," baba akasema.

Mama hakukifua. Jumapili alikifunga kichwani, doa likiwa mbele, akaketi kando ya baba garini. Mimi nilikuwa nyuma yao, nikinusa oili ile hadi kanisani. Baba hakugeuza shingo kumtazama hata mara moja.