Nyumba ya Waringa yenye kikombe kimoja

Saa moja asubuhi, Jumamosi, Waringa Kamotho amelala chali juu ya barafu, chini ya nyumba yake, mkononi kashika mashine ya kukaushia nywele. Nywele zenyewe zimefungwa kitambaa tangu jana. Joto lote analielekeza kwenye mpira wa maji ulioganda ukawa fimbo, huku akiusemesha maneno ambayo mashemasi wa kanisa lake wasingependa kuyasikia.

Simu inanguruma mfukoni. Inanyamaza, kisha inanguruma tena.

"Sishiki," anasema bila kuangalia ni nani. "Ni watu wa kanisa. Wanataka kujua nimelala wapi. Nimelala kwangu! Kitandani! Na blanketi la stima!"

Kwake ni trela, katika kambi moja yenye miti umbali mfupi kutoka Riverdale Park, Maryland. Si ile trela ndogo inayoburutwa nyuma ya gari kwa ndoano. Hii shingo yake hupanda juu ya bodi ya pikapu na kushikwa na sahani nzito ya chuma iliyofungwa hapo, ile ambayo madereva wa malori huiita gurudumu la tano. Shingoni kuna chumba cha kulala. Nyuma yake kuna choo, bafu, jiko la gesi la meko matatu, na sebule ambayo ukuta wake mmoja husukumwa nje kama droo ukishaegesha.

"Shemasi wetu, Christopher, alizunguka akihesabu magurudumu," Waringa anasimulia, akitoka uvunguni na theluji mgongoni. "Akapata manne. Akaniuliza kama la tano limeibiwa."

Hacheki. Mwezi huu amechekwa na kuhurumiwa mpaka kicheko kimemwisha.

Waringa, mzaliwa wa Nyahururu mwenye umri wa miaka arobaini na sita, ni msaidizi wa wauguzi katika nyumba za kutunzia wazee. Huogesha, hulisha, hugeuza wagonjwa, na hufanya hivyo kwa mikataba mifupi: miezi mitatu hapa, miezi mitatu kule. Zamani alipanga chumba kimoja Rockville kwa dola elfu moja mia tisa kwa mwezi. Kisha kazi ikahamia Sterling, ng'ambo ya mto, na foleni ya barabara ya mzunguko ikawa inamla asubuhi na kumla jioni.

"Nilikuwa nalipia kitanda ambacho sikilalii," anasema. "Nikajiambia, kama kazi inahama, basi na kitanda kihame."

Ni miaka miwili sasa tangu anunue trela iliyotumika na pikapu kuukuu ya dizeli. Kodi ya kambi haifiki nusu ya ile ya Rockville. Mahesabu yalikuwa mazuri. Kilichobaki kilikuwa kujifunza kuishi humo, na mwalimu wake wa kwanza akawa choo.

Mwezi wa kwanza aliacha koki ya tangi la choo wazi, akidhani kila kitu kitajiendea chenyewe. Maji yalikwenda. Vingine vilibaki, vikakauka, vikajenga kichuguu. Aliyemwokoa ni jirani yake Lorraine, Mmarekani Mweusi mstaafu wa posta, ambaye alisoma Kiswahili katika madarasa ya jioni jijini Washington zamani hizo na mpaka leo hukizungumza kama aliyesimama mbele ya ubao.

"Shikamoo, bibie," Lorraine alisema siku hiyo, akiwa amevaa glavu hadi viwikoni. "Koki ya choo hufungwa. Hufunguliwa tangi linapokaribia kujaa, ili maji mengi yasukume uchafu wote kwa pamoja."

Lorraine ndiye mkubwa, na ndiye aliyestahili kuamkiwa. Waringa amechoka kumrekebisha.

Siku hizi ni Waringa anayeulizwa, kwa kuwa wenzake kazini nao wamechoka na kodi. Hujibu kwa pumzi moja, kama mtu aliyerudia jambo lile lile mara mia.

"Mpira wa maji ya kunywa usikutane hata siku moja na mpira wa choo, hata kabatini! Kipindi cha baridi, zungushia mpira wako waya wa kupasha joto, na uangalie kama waya umechomekwa, si kama mimi jana. Vitu vizito weka chini, karibu na ekseli ya magurudumu. Ukishaunganisha trela na gari, ivute kidogo kwanza kabla hujakunja ile miguu inayoisimamisha, ujue imeshika. Na ukichemsha chai, fungua lile tundu la paa lenye feni. Sisi tunachemsha maziwa kutwa nzima! Mvuke wote huo unaingia ukutani, mwezi ukiisha una ukungu mweusi nyuma ya kitanda, halafu unasema trela ni mbaya. Trela ina kosa gani?"

Ila somo lililomkaa zaidi ni la uzito. Trela ina kikomo chake, na pikapu ina chake. Mara ya kwanza alipoipeleka kwenye mizani ya malori, ilizidi. Waringa alirudi akaanza kutupa. Sufuria kubwa ikaenda, kabati la vioo likaenda, seti ya vikombe vya wageni ikaenda. Alibaki na sahani mbili, vijiko viwili na kikombe kimoja.

Wageni nao aliwapunguza vivyo hivyo. Mgeni ana uzito, mgeni huenda chooni, na mgeni hunywa chai. Rafiki yake Vumilia, Mkongomani wa Bukavu anayefanya naye kazi wodi moja, aliomba mara tatu kuja kuona nyumba. Mara zote tatu Waringa alimpeleka mkahawani.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Mutu akikukatalia mulango wake, ndani iko shida," anaeleza Vumilia bila aibu. "Miye niliwaza, dada yangu anateseka, iko na haya ya kusema. Nikaenda ku église, nikaomba wamuombee. Nilifanya mubaya?"

Christopher aliandika ombi hilo kwenye kundi la simu la kanisa: tumkumbuke dada yetu Waringa, ambaye kwa sasa hana makao na analala ndani ya gari. Wiki haijaisha, mablanketi yakaanza kumiminika. Ukaja mfuko wa unga, na baada ya unga likaja kochi la watu watatu, ambalo Waringa alilirudisha langoni mwa kambi kabla halijashushwa. Muumini mmoja alileta hema.

"Hema!" Waringa anasema, akifungua mikono. "Nina bafu ya maji moto, mtu ananiletea hema!"

Angeweza kuyameza hayo. Lakini ujumbe wa kundi hauna mpaka. Ulirushwa kwa binamu ya mtu, ukarushwa tena, na Jumatano asubuhi ukamkuta Bibi Wairimu, mama yake Waringa, akiwa kwenye foleni ya kituo cha maziwa Nyahururu na debe lake mkononi. Bibi Wairimu ana miaka sabini na mitatu na ng'ombe mmoja wa maziwa. Hakulia. Alirudi nyumbani akamwita mnunuzi wa ng'ombe, ili zipatikane fedha za tikiti ya kumrudisha mtoto.

Alhamisi alipiga simu ya video. Humwita Waringa "mami", kwa kuwa alimpa jina la mama yake mzazi.

"Mami, nionyeshe unapolala."

Waringa akamwonyesha kitanda. Akamwonyesha jiko, akaliwasha, kisha mlango na kufuli yake. Akavuta maji chooni ili mama asikie. Bibi Wairimu aliangalia yote kwa utulivu.

"Nani amekunywa chai hapo?"

Waringa akaanza kumwonyesha feni ya paa.

"Nionyeshe vikombe."

Akafungua kabati. Mama akakitazama kile kikombe, peke yake kwenye msumari.

"Mwenye kikombe kimoja ni mgonjwa wa hospitalini," Bibi Wairimu akasema. "Au mfungwa. Hiyo si nyumba, mami. Mnunuzi anakuja Jumatatu asubuhi."

Waringa anakiri kwamba alikata simu akatoka nje kupiga kelele. Ng'ombe yule ndiye anayempa mama yake maziwa ya kuuza, na ndiye kazi yake, na ndiye mtu wa kuongea naye asubuhi. Auzwe kwa ajili ya uvumi! Alimwelezea Lorraine yote, akitaraji walau mmoja amwonee huruma inayostahili.

"Tulifundishwa methali," Lorraine akasema baada ya kufikiri. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Lorraine, tafadhali."

"Ninayo sufuria kubwa. Nitaileta."

Ndiyo sababu Jumamosi hii Waringa yuko uvunguni na mashine ya nywele. Kesho kuna wageni, na hakuna tone la maji. Yeye aliyeapa kwamba hakuna mtu atakayekanyaga ngazi zake amewaandikia watu watano waje baada ya ibada, na akaongeza sentensi iliyomtoa jasho kwenye baridi: kila mtu aje na kikombe chake.

Saa tatu hivi mpira unakohoa, unatema kipande cha barafu, na maji yanatiririka. Waringa anaupiga teke kidogo, halafu anakwenda kuchomeka waya.

Jumapili saa saba mchana, watu watano wanafika katika magari manne. Wengine ambao hawakualikwa wamo humo humo, wameambatana nao kwa upendo. Wanapanda ngazi mmoja mmoja wakikung'uta theluji, kila mmoja ameshika kikombe kama mtoto wa shule anayekwenda kuchukua uji. Trela inatikisika.

"Kaeni katikati!" Waringa anaamrisha. "Si wote upande wa droo! Na choo kiko kule karibu na ofisi ya kambi, kisafi, kina joto. Hiki changu ni cha maonyesho."

Simu imesimamishwa kwenye rafu. Huko Nyahururu ni saa tatu ya usiku, na Bibi Wairimu amejifunga shuka na kukaa wima kusudi asishikwe na usingizi. Maziwa yanaumuka, feni ya paa inazunguka, na Christopher anasimama kuombea nyumba. Anaanzia mbali, kwa wana wa Israeli. Amefika jangwani wakati tone la mvuke linapomdondokea utosini.

"Shemasi, fupisha," anasema Waringa. "Unyevu."

Chai inamiminwa. Kwenye rafu, sauti ya Bibi Wairimu inatawala.

"Yule wa kofia hajapata. Yule mwembamba muongeze, ona mikono yake. Na yule mama aliyekaa kwenye ngazi?"

Mama wa kwenye ngazi ni Vumilia, ambaye kwa haraka ya ibada amesahau kikombe. Waringa anatazama huku na huku. Kisha anachukua kile kikombe chake cha kwenye msumari, anakijaza, anampa.

Kila mtu anakunywa. Mtu anasifu chai, mtu anauliza bei ya trela kama hii. Choo cha maonyesho kinasikika kikivutwa, na Waringa anafumba macho.

"Na wewe, mami?" mama yake anauliza. "Mbona hunywi?"

"Hakuna kikombe, Mama."

"Chako kiko wapi?"

"Nimempa mgeni."

Bibi Wairimu anaisogelea simu mpaka uso wake unajaa kioo. Anatazama watu waliobanana, vikombe vinavyotoa moshi, na binti yake amesimama katikati yao mikono mitupu, amekasirika, jasho linamtoka.

"Sasa hiyo ni nyumba," anasema. "Mwenye nyumba ndiye hukosa kikombe." Halafu anacheka, kicheko ambacho Waringa hakukisikia wiki nzima. "Kesho huyo mnunuzi nitamwambia ng'ombe amekataa kuuzwa."

Waringa anageukia sinki, kana kwamba kuna chombo cha kuosha. Chai yake anaipata mwishoni, akiinywa kwa upawa.

Baada ya wageni kuondoka anakagua hasara. Kuta zinatiririka maji. Taa ya tangi la choo inaonyesha limejaa, pamoja na matangazo yote aliyotoa. Kisha anafungua kabati na kupiga ukelele unaomleta Lorraine mbio.

Vikombe vyote vimo humo. Wamekunywa, wameviosha, wameviacha.

"Vya udongo!" anasema Waringa. "Vizito hivi! Mtu ana trela yenye kipimo, unamwachia udongo!" Anampigia Vumilia, ambaye walau alikuja mikono mitupu, ili awaambie wenzake warudi kuchukua mali zao.

"Viache hapo hapo, ma chérie," Vumilia anamjibu. "Tukikuja tena tutanywea mu nini?"

Jumamosi ijayo Waringa atakunja miguu ya trela, ataivuta kidogo kujua imeshika, na kuelekea Sterling kwa mkataba mpya. Atapitia kwenye mizani. Ameamua kuiacha mikrowevu kwa Lorraine ili vikombe viende. Amevifunga kimoja kimoja ndani ya yale mablanketi ya msaada na kuvipanga chini, karibu na ekseli. Hema ameligawa.

Mpango wake mkubwa ni wa Agosti, baridi ikiwa imeisha na viza ikiwa imepatikana: mama yake aje aone mwenyewe. Meza ya sebuleni hushuka ikawa kitanda, na ameshapima, Bibi Wairimu atatoshea. Ng'ombe ataangaliwa na jirani. Mama amekwisha kuchagua hata kikombe chake kwenye simu, kile cha bluu chenye ufa.

"Nikamwambia hicho ni cha shemasi," anasema Waringa, akivuta zipu ya koti kwenda kumwaga tangi. "Akasema shemasi ataleta kingine. Haya! Kingine tena! Lakini safari hii akija, maombi ayafanyie nje."